Mafua mapya yamefika kwetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Aina mpya ya mafua inapofika mahali padogo, kijiji, kisiwa au mji ambao watu wake wanajuana kwa sura, maswali huwa yale yale. Machache yanahusu kirusi. Mengi, ukiyasikiliza vizuri, yanahusu majirani. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi hali za pekee, na jambo lililokwisha kujibiwa hatulirudii, utaelekezwa lilipo.

## Ugonjwa wenyewe

1. Mafua tumeugua tangu utotoni. Haya "mapya" yana upya gani?

Mengi tunayoyaita mafua ni kamasi na kikohozi cha siku mbili tatu, na huletwa na virusi vingine kabisa. Homa ya mafua yenyewe, influenza, ina virusi vyake. Vile vya aina A ndivyo vinavyozua majanga, kwa sababu huishi pia ndani ya ndege, nguruwe na wanyama wengine. Virusi viwili tofauti vikikutana ndani ya mnyama mmoja huweza kubadilishana vipande, na kinachotoka hapo kinaweza kuwa kitu ambacho miili ya watu haijawahi kupambana nacho.

Herufi H na N unazozisikia ni alama za protini mbili zilizo juu ya kirusi, hemaglutinini na neuraminidasi. Kila mwaka protini hizo hubadilika kidogo, na kinga ya zamani bado husaidia kwa kiasi fulani. Mabadiliko yakiwa makubwa na ya ghafla, watu wengi hawana kinga kabisa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1918 (H1N1), 1957 (H2N2), 1968 (H3N2) na 2009 (H1N1 ya ukoo mwingine).

2. Nitajuaje kama nimeipata?

Homa ya mafua huanza kwa kishindo. Aliyeipata mara nyingi anaweza kukutajia saa aliyoanza kujisikia vibaya: homa kali, mwili kuuma wote, kichwa, kikohozi kikavu, uchovu wa kushindwa kuinuka. Watoto huweza pia kutapika na kuharisha. Dalili hutokea siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, kwa kawaida siku ya pili. Mgonjwa huanza kuambukiza wengine karibu siku moja kabla ya dalili, kisha huendelea kwa siku 5 hadi 7. Watoto wadogo na wenye kinga dhaifu huchukua muda mrefu zaidi.

Kwa dalili peke yake hakuna anayeweza kutofautisha aina mpya na ya msimu, hata daktari mzoefu. Hilo ni kazi ya maabara (tazama swali la 10).

Usisubiri maabara ukiona mambo haya: kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo kugeuka rangi, au mtu kupata nafuu kisha homa na kikohozi kurudi kwa nguvu. Hili la mwisho hupuuzwa sana, na mara nyingi ni nimonia ya bakteria iliyoingia nyuma ya mafua. Kwa mtoto, angalia kupumua haraka, kukataa kunywa, au usingizi usioamshika. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

3. Inaua watu wangapi? Habari zinatisha.

Hata mafua ya msimu huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kutokana na matatizo ya kupumua yanayoletwa na mafua hayo.

Kwa aina mpya, makadirio ya wiki za kwanza mara nyingi huwa juu kuliko hali halisi, na sababu yake haina siri: wanaohesabiwa kwanza ni waliofika hospitali wakiwa hoi. Aliyelala siku nne nyumbani akapona hayumo kwenye hesabu. Mwishoni mwa Aprili 2009 Mexico ilihofia kuwa imepoteza watu zaidi ya 150, huku vifo vilivyokuwa vimethibitishwa kimaabara vikiwa 7. Baadaye hesabu ikageuka upande wa pili. Vifo vilivyothibitishwa duniani kote vilifika kama 18,500, lakini watafiti walipokadiria na wale ambao hawakuwahi kupimwa, walipata kati ya 151,700 na 575,400 kwa mwaka wa kwanza peke yake.

Kwa hiyo anayekutajia leo asilimia ya wanaokufa bila kusita anakisia tu, awe daktari au dereva. Na takwimu zikibadilika kila siku, usidhani kuna anayezichezea; zingebaki vile vile kwa mwezi mzima, hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kuuliza.

4. Yameitwa jina la mnyama. Je, tuache nyama? Tuwaue wanyama?

Mafua haya hayaambukizwi kwa kula nyama iliyoiva vizuri. Jina la mnyama linaeleza ukoo wa kirusi. Halikuelezi utakipata wapi. Kirusi kikishaanza kupita kati ya mtu na mtu, hatari iko kwenye kikohozi cha mwenzako.

Mwaka 2009 Misri iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, kama 300,000, wakati hakuna hata mgonjwa mmoja aliyekuwa amepatikana huko. Waliopoteza zaidi ni jamii ya Zabbaleen, wakusanya taka wa Cairo, ambao nguruwe wao ndio waliokuwa wakila mabaki ya vyakula. Haukupita muda mrefu taka zikajaa mitaani. Mwezi Mei mwaka ule ule, nguruwe pekee aliyejulikana kuwepo Afghanistan, wa bustani ya wanyama ya Kabul, aliwekwa mbali na wageni kwa sababu watazamaji walimwogopa. Huyo angalau alitoka salama.

Mafua ya ndege ni jambo jingine. Hapo anayeshika kuku wagonjwa au waliokufa yuko hatarini kweli, na kuua kundi lililoambukizwa huwa na maana: Hong Kong ilifanya hivyo mwaka 1997, baada ya H5N1 kuwapata watu 18 na kuua 6, na mlipuko ule ukakoma.

Majina ya nchi nayo yana historia mbaya. "Mafua ya Hispania" ya 1918 hayakuanzia Hispania. Nchi hiyo haikuwa vitani, magazeti yake hayakufungwa mdomo, basi ikawa ya kwanza kusikika ikisema wazi kwamba watu wanaugua. Malipo yake yakawa kupachikwa jina la ugonjwa. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, watu wala wanyama.

5. Nani wa kuangaliwa zaidi?

Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 (hasa chini ya 2), wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na wenye magonjwa ya moyo, mapafu, kisukari au upungufu wa kinga. Lakini aina mpya huweza kuvunja mpangilio huu. Mwaka 1918 ilichukua vijana wenye nguvu wa miaka 20 hadi 40 kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 2009 wazee wengi walikuwa na kinga ya zamani, na sehemu kubwa ya waliokufa walikuwa chini ya miaka 65. Kijana anayesema "hii ni ya wazee" anasema mapema mno.

## Mgonjwa wa kwanza

6. Wametangaza kuna mgonjwa hapa. Ni nani? Tuna haki ya kujua.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na halistahili kupuuzwa kama umbea.

Una haki ya kujua mahali ambapo watu huenda waliambukizwa, tarehe zake, na cha kufanya ikiwa ulikuwepo. "Aliyekuwa kwenye kikao fulani Jumamosi mchana ajiangalie hadi Jumatano" ni taarifa inayokulinda. Jina halikulindi. Mpaka majibu ya maabara yanatoka, siku kadhaa zimepita, na mgonjwa alikuwa akiambukiza tangu kabla hajajua anaumwa. Tena wa kwanza kuthibitishwa ni nadra kuwa wa kwanza kuambukizwa. Kwa kawaida ni wa kwanza aliyekwenda hospitali akakutana na mtu aliyefikiria kumpima. Ukimkwepa yeye ukakaa karibu na watu wengine wote wanaokohoa, hujajikinga na chochote.

Kosa hufanywa pia na wanaotoa taarifa. Tangazo la "mwanamke wa miaka 34, mwalimu, aliyerejea safarini wiki iliyopita" halina ubaya katika jiji la mamilioni. Mahali penye walimu kumi, hilo ni jina kamili. Jamii ndogo inahitaji tangazo lenye maelezo machache ya mtu na mengi ya mahali na siku. Kama unashika wadhifa wowote katika kamati ya afya ya mahali, hapa ndipo pa kukaza.

Halafu mtazame mgonjwa wa pili, ambaye bado hajajulikana. Ana homa tangu usiku, na amekwisha kuona watu walivyoifanyia familia ya kwanza. Wakiwa wamepelekewa chakula, atajitokeza. Wakiwa wametukanwa na watoto wao kuzomewa, atameza dawa ya kutuliza maumivu na kwenda kazini.

7. Lakini nimeshajua ni nani. Nikinyamaza, si nawaponza wengine?

Kama una sababu ya kuamini kuwa mtu fulani alikaa naye karibu na hajui, mwambie mtu huyo peke yake, au waambie wahudumu wa afya wanaofuatilia waliokutana na mgonjwa. Hiyo inatosha. Kuliweka jina kwenye kundi la simu la watu mia tatu ni jambo jingine. Hapo huonyi mtu, unanyoosha kidole.

Na hakikisha kwanza. Mahali padogo mtu akionekana akipanda gari la wagonjwa kwa shida ya figo, jioni yake yeye ndiye "aliyeleta".

8. Alijua anaumwa. Kwa nini alisafiri?

Huenda hakujua, rudi kwenye swali la 2 uone jinsi mtu anavyoambukiza kabla ya dalili. Na hata kama alikuwa na homa, jiulize ni mara ngapi wewe umesafiri na homa kabla ya mafua haya kuwa habari. Kirusi kinachopita kwa urahisi kiasi hiki kingefika kwa mtu mwingine, kwa gari lingine.

9. Familia jirani imewekwa karantini. Naweza kuwasaidia bila kujiponza?

Ndiyo, na ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kirusi husafiri zaidi kwa matone ya kukohoa, kupiga chafya na kuongea karibu karibu, pia kwa mikono iliyogusa matone hayo. Acha mahitaji mlangoni, rudi nyuma mita mbili au zaidi, zungumza nao kwa sauti ya kawaida. Kirusi huweza kubaki hai juu ya vitu vigumu kama chuma na plastiki kwa saa 24 hadi 48, basi nawa mikono kwa sabuni baada ya kupokea vyombo vyao. Sabuni huyeyusha ganda la mafuta linalokifunika kirusi; dawa kali za kunyunyiza nyumba nzima hazihitajiki.

Karantini na kutengwa hutajwa kama kitu kimoja, ilhali havifanani. Anayetengwa ni mgonjwa. Aliye karantini ni mzima aliyekutana na mgonjwa, anasubiriwa aonekane kama ataugua. Wengi wao hawataugua.

Waulize wanahitaji nini. Mara nyingi si chakula: ni dawa ya shinikizo la damu iliyokwisha, salio la simu, mtu wa kulisha mifugo, au mtu wa kumweleza mwajiri.

10. Kwa nini hatupimwi wote?

Kipimo cha uhakika hutafuta vinasaba vya kirusi kwenye sampuli ya pua au koo, na kinahitaji mashine, vitendanishi (kemikali za kupimia) na wataalamu ambao mwanzoni huwa wachache. Maabara hutangulizia wagonjwa mahututi, wahudumu wa afya, na sampuli chache za kila eneo ili ijulikane kirusi kimefika wapi. Ugonjwa ukishaenea, matibabu yako hayabadiliki kwa sababu ya karatasi ya majibu. Hilo huwaudhi watu, na tunaelewa: kuambiwa "kaa nyumbani, huenda ni yenyewe" hakuna utulivu wa jibu la ndiyo au hapana.

## Kufunga au kutofunga

11. Sisi ni wachache na njia za kuingia ni chache. Kwa nini tusifunge kabisa?

Wazo hili si la kijinga. Novemba 1918 meli Talune kutoka Auckland, New Zealand, iliruhusiwa kutia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, kisiwani katika Bahari ya Pasifiki, ikiwa na wagonjwa. Watu kama 8,500 walikufa, zaidi ya mmoja katika kila watano. Visiwa vya jirani, Samoa ya Marekani, chini ya gavana John Poyer ilizuia meli na kuweka karantini, na haikupoteza mtu hata mmoja kwa mafua hayo. Mji wa Gunnison huko Colorado, Marekani, nao uliweka vizuizi barabarani, na abiria aliyeshuka kwenye treni akapelekwa karantini moja kwa moja.

Kabla hujakimbilia kuweka magogo barabarani, tazama mifano hiyo ilihitaji nini. Ilianza kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Ilikuwa na mamlaka ya kisheria nyuma yake. Ilidumu miezi. Na kirusi hakichoki kusubiri: Gunnison ilipata wagonjwa mwaka 1919 baada ya vizuizi kuondolewa, ingawa wimbi lile lilikuwa hafifu. Kufunga hununua muda, nao muda una thamani pale tu kuna kitu kinachotayarishwa, chanjo au vitanda au dawa. Kama mgonjwa amekwisha kupatikana ndani, kizuizi kinachosimamiwa na vijana wenye marungu kitazuia mafuta, dawa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kirusi kiko upande wa ndani tayari.

12. Shule je?

Watoto husambaza mafua kuliko kundi lolote, kwa hiyo kufunga mapema hupunguza kasi. Gharama yake ni kubwa pia: mzazi anakosa kazi, nesi anabaki nyumbani na watoto wakati hospitali inamhitaji, na mtoto analelewa na bibi ambaye ndiye tuliyekuwa tunamkinga. Mwaka 2009 mamlaka za afya za Marekani zilianza kwa kushauri shule zenye wagonjwa zifungwe, kisha tarehe 5 Mei zikabadili ushauri, baada ya kuona kuwa ugonjwa kwa wengi ulikuwa wa wastani. Walilaumiwa kwa kubadilika. Kwa maoni yetu walifanya vizuri. Ushauri usiobadilika baada ya taarifa kubadilika hauna faida kwa yeyote.

13. Mikusanyiko, ibada na mazishi?

Tarehe 28 Septemba 1918 mji wa Philadelphia, Marekani, uliendelea na gwaride lake la kuuza hati za mkopo wa vita, watu kama 200,000 barabarani, ingawa mafua yalikuwa yameshaingia. Siku chache baadaye hospitali zilijaa. Mji mwingine wa Marekani, St. Louis, ulifunga shule, kumbi na makanisa mapema, na kilele chake cha vifo kikawa chini sana. Tofauti kubwa kati ya miji hiyo miwili ilikuwa wiki chache za kuchelewa.

Shughuli nyingi zinaweza kufanyika nje, kwa muda mfupi na watu wachache, bila kushikana mikono. Mazishi ndiyo magumu zaidi, na hatutajifanya kuwa kanuni zinaondoa ugumu huo. Kinachosaidia ni viongozi wa dini na wazee kusema mapema, kabla ya msiba, ni lipi litafanywa vipi. Ukisubiri hadi familia iwe na maiti ndani, kila sharti linasikika kama tusi.

14. Barakoa inasaidia au ni mapambo?

Inasaidia zaidi ikivaliwa na anayekohoa, na pia na anayemhudumia kwa karibu. Ifunike pua. Ugomvi juu yake si mpya: mwaka 1919 wakazi wa San Francisco waliunda umoja wa kupinga barakoa.

## Uvumi, dawa na chanjo

15. Nimetumiwa ujumbe wa sauti wa "daktari" anayesema ukweli unafichwa. Niamini?

Uliza mambo matatu: ana jina na mahali pa kazi panapoweza kupigiwa simu? Anataja tarehe? Anakutaka umtumie kila mtu haraka? Kama la kwanza hana, la pili hataji, na la tatu anakutaka ufanye: futa.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mlipuko methali hiyo hudanganya sana, kwa sababu kinachosemwa na wengi mara nyingi kimetoka kwa mtu mmoja. Hata hivyo uvumi hustawi pale taarifa rasmi zinapochelewa. Ofisi ya afya inayosema kila siku saa ile ile, hata kama ni kusema "leo hakuna jipya", huukata miguu kuliko ile inayotoa vitisho kwa wanaovumisha.

16. Wanasema haya yote ni biashara ya makampuni ya dawa.

Shaka hii ilivuma sana baada ya 2009, na haikuzuka hewani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga tarehe 11 Juni 2009, nchi zikanunua chanjo nyingi kuliko zilizotumika, na majina ya washauri wa kamati ya dharura hayakutolewa hadharani wakati ule. Tume huru iliyoongozwa na Harvey Fineberg ilichunguza, na mwaka 2011 ikasema haikuona ushahidi wa hila, ila ikalikosoa shirika kwa usiri huo na kwa jinsi lilivyoeleza mambo. Unaweza kuidai serikali yako uwazi kuhusu mikataba na bado ukanawa mikono. Mambo haya mawili hayagombani.

17. Ni dawa gani ninunue kabla hazijaisha?

Antibiotiki haziui virusi. Hutolewa pale bakteria wameingia juu ya mafua. Dawa za virusi kama oseltamiviri hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili, na zinamfaa zaidi mgonjwa mahututi au wa makundi ya swali la 5. Pakiti iliyofichwa kabatini kwa mtu mzima ni pakiti iliyokosekana kwa mjamzito wa nyumba ya tatu. Mahali padogo huo si mfano wa kufikirika, unamjua kwa jina.

Wengi wanahitaji mapumziko, maji mengi na dawa ya kushusha homa. Watoto na vijana wadogo wasipewe aspirini, kwani pamoja na mafua inaweza kuleta sindromu ya Reye, inayodhuru ini na ubongo. Kujifukiza na vinywaji vya moto huleta nafuu ya koo na pua, havizuii ugonjwa. Angalia tu mtoto asiungue.

18. Chanjo itakuja lini, na ni salama?

Tangu kirusi kipya kitambuliwe hadi chanjo itoke kwa wingi ni kama miezi 5 au 6, kwa sababu sehemu kubwa ya chanjo za mafua bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Maana yake ni kwamba wimbi la kwanza kwa kawaida hupita bila chanjo. Ukishachomwa, mwili huchukua kama wiki mbili kujenga kinga. Homa ndogo na maumivu ya mkono si mafua. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyokufa au vipande vyake tu.

Kuhusu usalama, historia ina sura mbili ambazo wanaopinga huzitaja na wanaotetea huziruka. Mwaka 1976 askari mmoja alikufa kwa mafua ya ukoo wa nguruwe kwenye kambi ya jeshi ya Fort Dix, Marekani, na serikali ikachanja watu zaidi ya milioni 40. Mlipuko haukutoka nje ya kambi, ilhali chanjo ilihusishwa na ugonjwa wa neva wa Guillain-Barré, takribani mtu mmoja wa ziada kwa kila 100,000, na kampeni ikasimamishwa Desemba. Baada ya 2009, Finland na Sweden ziligundua kuwa chanjo moja, Pandemrix, ilihusishwa na nakolepsi, ugonjwa wa kulala ghafla, hasa kwa watoto na vijana. Madhara haya yalikuwa nadra na yaligunduliwa kwa sababu kuna watu kazi yao ni kuyatafuta. Ukiyaweka kwenye mizani na ugonjwa unaoua wajawazito na watoto, kwa aliye katika makundi ya hatari mizani inaelekea upande wa kuchanjwa. Aliyepewa hesabu zote huamua vizuri zaidi kuliko aliyeambiwa "usiwe na wasiwasi".

## Hali za pekee

19. Nyumba yetu ina chumba kimoja. Nitamtengaje mgonjwa?

Mlaze karibu na dirisha au mlango ulio wazi, wengine walale mbali naye kadiri inavyowezekana, vichwa vikielekea upande mwingine. Ahudumiwe na mtu mmoja, asiwe mjamzito wala mzee. Mchana akiweza akae nje. Vyombo vyake vikioshwa kwa sabuni, wengine wanaweza kuvitumia.

20. Nisipotoka, siku hiyo hatuli. Nifanye nini?

Ukurasa wa maswali hauwezi kukupa posho, na ushauri wa "kaa nyumbani" umeandikwa na watu wenye mshahara. Siku mbaya zaidi za kuambukiza ni tatu za mwanzo. Kama zote saba haziwezekani, hizo zipiganie. Baadaye chagua kazi za nje, vaa barakoa, kaa mbali na watu. Nayo kamati inayotaka watu wajitenge ipange kwanza watakula nini, kabla ya kupanga adhabu. Swali la 9 linaeleza majirani wanavyoweza kusaidia.

21. Namnyonyesha mtoto na ninaumwa.

Endelea. Maziwa hupitisha kinga. Nawa mikono, vaa barakoa, na ukiwa hoi sana kamua, mtu mzima mwingine amlishe.

22. Niliugua mwezi uliopita, kabla ya tangazo. Ilikuwa ndiyo hiyo?

Inawezekana, lakini kipimo cha pua hakiwezi tena kukuambia. Fuata ushauri kama ambaye hajaugua, chanjo ikija ichukue.

23. Aliyeugua amepona, lakini watu bado wanamkwepa. Ni lini yuko salama?

Mtu mzima aliyemaliza siku 7 tangu dalili zianze, na aliyekaa saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha, kwa kawaida haambukizi tena. Kikohozi huweza kubaki wiki mbili au zaidi bila hatari kwa wengine. Kwa wiki chache zijazo huyo ndiye mtu salama kuliko wote wa kumhudumia mgonjwa mpya, kwa kuwa ana kinga. Jambo linalosaidia hapa ni mtu anayeheshimika kuonekana ameketi naye. Cheti cha hospitali hakijawahi kunyamazisha mtu.

24. Hakuna aliyekufa kwetu. Si tulitishwa bure?

Labda ugonjwa ulikuwa mwepesi, labda hatua zilifanya kazi. Ndani ya jamii moja ndogo mara nyingi haiwezekani kutenganisha mambo haya, na anayedai ushindi hana ushahidi bora kuliko anayedai kudanganywa. Subirini pia kabla ya kufunga hesabu: mwaka 1918 wimbi la kwanza lilikuwa jepesi, la pili, miezi michache baadaye, ndilo lililoua wengi.

25. Kwa hiyo yataisha lini?

Mlipuko huisha, kirusi mara nyingi hubaki. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa janga la 2009 tarehe 10 Agosti 2010, na kirusi kile kimeendelea kuzunguka kama mojawapo ya mafua ya msimu, kikiwa ndani ya chanjo ya kila mwaka. Orodha ya waliokutana na wagonjwa ikifungwa, omba kamati iiharibu au iihifadhi kwa siri. Majina hayo hayana kazi nyingine.